Mchinjaji na Kengele Mbili

Niseme mapema, nisije nikadhaniwa shabiki: mimi ngumi sizipendi. Watu wazima wawili ambao hawajakoseana neno wanavua mashati mbele ya gulio zima, wanatwangana mpaka mmoja asahau njia ya kwao, halafu tunaambiwa huo ni mchezo. Nilimwambia jirani yangu hivyo mara nyingi, na kila mara alicheka, akanikatia nyama, akasema, "Dada, wewe uza vitenge." Lakini yeye nilimpenda. Tangu atutoke masika yaliyopita, kila nifunguapo duka najikuta namtafuta kwa macho ng'ambo ya barabara.

Jina lake silitaji. Hata mjini kwetu Nyakahura hakuna aliyelitumia. Kwa mashabiki alikuwa Bingwa, kwa wateja alikuwa Mchinjaji, na mimi nitashika hilo la pili, maana ubingwa wenyewe, kama mtakavyoona, ulikuwa na maneno.

Duka letu lilikuwa la baba yangu, na kabla yake la babu, aliyekuja kutoka pwani na marobota ya nguo akaoa huku huku. Liko kando ya barabara kuu, pale malori ya Rwanda na Burundi yanaposimama madereva wapate nyama choma. Meza ya Mchinjaji ilikuwa mkabala na kaunta yangu. Nilimwona kila siku, nitake nisitake, nikiwa binti wa dukani, nikiwa mke wa mtu, na sasa nikiwa bibi wa wajukuu. Mtu ukimtazama muda wote huo unamjua kuliko wanavyomjua ndugu zake.

Alikuwa pande la mtu. Akiketi kwenye benchi la dukani kwetu, aliyeketi ncha ya pili aliinuka bila kupenda. Sauti yake lakini ilikuwa ndogo, na madereva wageni waliposikia ile sauti ikitoka kwenye kile kifua walikuwa wakitazama nyuma yake kumtafuta mwenye kusema. Ijumaa alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na akirudi kutoka msikitini alipita katikati ya barabara polepole ili kila mtu aione. Baba yangu alikuwa akisema yule anakwenda kuswali kanzu, yeye mwenyewe anaisindikiza tu.

Nyama ya ng'ombe hakuila. Mkewe alimpikia maharage na dagaa, na mchana alikula nyuma ya bucha, amewapa mgongo wateja, kwa sababu mchinjaji anayekula dagaa si tangazo zuri la biashara. Nilipomuuliza sababu alisema ng'ombe amewatazama sana machoni.

Msidhani namtengenezea utakatifu. Mifupa alikuwa akiichomekea kweli kweli. Mizani yake ilikuwa ya haki, mkono wake ndio uliokuwa na mfupa. Ukilalamika anakujibu, "Ng'ombe nimemnunua na mifupa yake. Sasa nimpe nani?" Drafti alicheza vibaya na kushindwa hakukuweza. Akiona vizibo vyake vya soda vimezingirwa, goti lake lilianza kuwasha ghafla, ubao ukapinduka, naye akainama kuviokota vizibo huku akiomba radhi. Na sindano! Manesi wa chanjo wakisikika wanakuja, Mchinjaji alikuwa na ng'ombe wa kwenda kuwatazama kijijini Bisibo. Hakurudi mpaka wameondoka. Mkewe alisema Bisibo kuna ng'ombe ambaye mumewe amemtazama tangu waoane na hajamnunua bado.

Kuchinja alichinja kama mtu anayeomba ruhusa. Kisu alikificha nyuma ya mgongo, akasimama mbele ya mnyama, akamsemesha kwa Kisubi, lugha ya kwao, maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia vizuri. Hakukubali mnyama apigwe fimbo kwa nyuma wala akokotwe. "Mimi," alikuwa akisema, "sijampiga mtu wala mnyama aliyenipa mgongo." Alilisema hilo mara nyingi kuliko lilivyohitaji kusemwa, na kila alipolisema kulikuwa na mtu mezani pake aliyekonyeza jicho. Nitafika huko.

Nje ya ulingo hakumwinulia mtu mkono. Kuna utingo mmoja wa lori, mlevi, aliyemtukania mama yake kwa sababu ya kipande cha mafuta. Soko lote tukangoja. Mchinjaji alimfungia nyama yake vizuri, akaongeza ini kidogo, akamwambia, "Mkono huu una kazi mbili tu, na matusi hayamo." Utingo yule alipoambiwa na wenzake alikuwa akimtukana nani, alipanda lori akajifungia.

Misemo alikuwa nayo mingi. Mteja akimharakisha: "Nyama haina haraka, mwenye haraka ni tumbo." Mtu akimsifia mtoto wake mno: "Msifu akishavuka mto." Na vijana wake wa ngumi, aliokuwa akiwafundisha jioni nyuma ya machinjio, aliwaambia, "Ukipigwa, sema umepigwa. Usiseme jua lilikuwa machoni." Maneno mazuri hayo. Yeye mwenyewe kwa miaka mingi hakusema jua. Alisema kengele.

Na hapo ndipo lazima nieleze ile kengele, maana bila hiyo huyu mtu hamtamwelewa.

Lori moja lilipinduka kwenye mteremko wa kuingia Nyakahura. Dereva alitoka salama, vyuma vikabaki, na kila mwenye haja akachukua chake. Ringi moja ilikwenda shule ya msingi, ikafungwa kwenye mti, ikawa kengele. Ringi ya pili ilichukuliwa na mwenye klabu ya pombe, yule aliyekuwa akiandaa mapambano ya ngumi siku za gulio, ikawa kengele ya ulingo. Shule na uwanja wa gulio vinatenganishwa na barabara tu. Zilikuwa ringi za lori moja, kwa hiyo zililia mlio mmoja. Mji mzima ulilijua hilo, na hakuna aliyewaza kwamba lina neno.

Wakati huo Mchinjaji alikuwa hajapigwa na mtu yeyote wilaya yote ya Biharamulo. Uzito wa juu, huku kwetu, ulikuwa yeye. Ndipo akatokea mtu kutoka Murusagamba, kule Ngara karibu na Burundi, mpasua magogo. Tukamwita Mchana Mbao. Mrefu, mkimya, mabega yaliyojengwa na msumeno, mtu wa kusimama juu ya gogo tangu asubuhi mpaka jioni akivuta na kusukuma. Alikuja kwa miguu na baiskeli, na ndugu zake wachache, na kikapu cha ndizi. Zawadi ilikuwa dume la ng'ombe, ambalo Mchinjaji mwenyewe ndiye aliyekuwa ameombwa kulichagua mnadani.

Nililitazama pambano hilo nikiwa nimesimama juu ya kaunta. Baba yangu, aliyekuwa akituambia ngumi ni uhuni, alikuwa mbele kabisa ameshika kofia yake mkononi. Shule ilikuwa haina mtoto hata mmoja. Wote walikuwa juu ya kuta na juu ya mabanda ya gulio. Ila mwalimu wa zamu, mtu wa kufuata ratiba hata kama ni ya kaburini, alibaki peke yake shuleni. Saa ya kuwaruhusu wanafunzi ilipofika akaenda kwenye mti akagonga kengele, akawaruhusu wanafunzi ambao hawakuwapo.

Raundi ilikuwa katikati. Mchinjaji alisikia kengele, akashusha mikono, akageuka nusu kuelekea kona yake. Mchana Mbao akampiga. Sijawahi kuona kitu kikubwa hivyo kikianguka bila kelele. Refa akahesabu, akamaliza, na jioni ile Mchana Mbao akaondoka na dume letu akilivuta kwa kamba, ndugu zake nyuma wakiimba kwa Kihangaza.

Barabara nzima iligawanyika. Kwetu tulisema alipigwa wakati kengele imelia, na mwenye kumpiga aliisikia, ana masikio. Murusagamba wakasema kengele ya ulingo haikulia, na kama Bingwa wenu anatii kengele ya watoto basi arudi darasa la kwanza. Madereva walibeba maneno hayo huku na kule, yakiongezwa chumvi kila kituo. Mchinjaji aliapa kwa kila kiapo anachoruhusiwa Mwislamu kwamba yule mtu aliisikia na akampiga kusudi. Na akataka marudiano.

Yalichukua miaka kupatikana. Katika miaka hiyo ndipo alipojifundisha ule ujinga, na naita ujinga nikimpenda. Alitundika gunia la mazoezi kwenye ua wa shule, lililojaa vumbi la mbao, na hilo nalo tulimcheka: hata gunia lako ni jamaa yake Mchana Mbao. Kila siku, kabla ya kengele ya mapumziko, aliacha wateja, akavuka barabara na aproni yake ya damu, akasimama mbele ya gunia. Kengele ikilia, anapiga. Ikilia tena, anapiga. "Nayafundisha masikio yangu adabu," aliniambia. "Kengele ni ya watoto. Mtu mzima anamtazama refa."

"Na refa ukimkosa?" nikamuuliza.

"Refa ni mtu mzima, dada. Atapotelea wapi?"

Marudiano yalifanyika Murusagamba kwenyewe. Nyakahura ilikodi lori, tukajazana, na baba yangu safari hii alikwenda hadharani na mimi akanichukua ili mama asiseme kaenda peke yake. Uwanja ulikuwa umelowa, mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mchinjaji alipigana siku ile kuliko siku zote. Hata mimi nisiyejua kitu niliona. Alikuwa mbele kwa raundi zote. Kilichobaki kilikuwa kumaliza tu akiwa amesimama.

Kengele ya mwisho wa raundi ikalia, ya ulingo, ya halali. Refa aliteleza kwenye tope alipokuja kuwatenganisha, akaenda chini kwa magoti. Mchana Mbao alisikia kengele, akashusha mikono, akaanza kugeuka. Na mkono wa kulia wa Mchinjaji ukatoka ukamkuta kwenye sikio la kushoto.

Alianguka vile vile kama mwenzake alivyoanguka kwetu. Refa alipoinuka, na matope hadi kifuani, akamnyang'anya Mchinjaji pambano papo hapo, na alikuwa na haki. Watu wa Murusagamba walitaka kutula wabichi. Lakini wetu! Wetu walimbeba juujuu kama ameshinda. "Ngoma droo!" walipiga kelele. "Kengele kwa kengele!" Waliimba njia nzima, lori linayumba kwenye mashimo, na Mchinjaji alikaa kwenye kona ya bodi amekumbatia magoti. Nilikuwa karibu naye. Alikuwa akisema kwa ile sauti yake ndogo, "Sikuisikia. Jamani, sikuisikia."

Baba yangu akampigapiga begani. "Ndiyo, Bingwa," akamwambia huku akimkonyeza jirani. "Hukuisikia."

Hivyo ndivyo msemo ulivyozaliwa. Nyakahura mpaka leo mtu akifanya jambo makusudi kisha akajitia hajui, tunasema hakuisikia kengele. Mume akichelewa kurudi, hakuisikia kengele. Diwani asipotokea mkutanoni, hakuisikia kengele. Watoto waliozaliwa baadaye sana wanausema na hawajui umetoka wapi. Yeye aliusikia kila siku mezani pake, kutoka kwa watu waliompenda, waliodhani wanamsifia. Walimpenda kwa kisasi. Hakuna aliyetaka kisasi hicho kiwe ajali, maana ajali haina utamu.

Sikio la Mchana Mbao lilikufa. Habari hiyo ililetwa na wauza maharage, na Mchinjaji alipoisikia alifunga bucha kabla ya jua kuwa kali, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya msiba wa mama yake. Hakupigana tena. Alituma salamu Murusagamba, na kupitia kwa dereva mmoja akatuma neno lile lile, kwamba hakuisikia. Jibu lilirudi fupi: amesikia.

Basi miaka ikapita, na sasa nirudi kwenye kitu ambacho wateja wapya walikuwa wakikishangaa. Siku za shule, mapumziko yakikaribia, Mchinjaji alikiweka kisu chini. Angekuwa katikati ya kukata, na foleni imejaa, akakilaza juu ya gogo, akarudi nyuma hatua moja, akafuta mikono. Wakimuuliza alisema anapumzisha kisu. Watu wakaona ni desturi ya wachinjaji, na wawili watatu wa bucha nyingine wakaiiga.

Mimi nilikuwa mkabala naye na nilikuwa naona. Kengele ya shule ikilia, bega lake la kulia liliruka. Mkono ulijifunga ngumi na kutoka mbele, peke yake, mfupi, kisha ukarudi. Ikilia tena, unatoka tena. Uso wake wakati huo ulikuwa wa mtu anayesubiri kikohozi kipite. Alikuwa ameufundisha ule mkono na hakujua namna ya kuusahaulisha. Na Jumapili alijifungia ndani asubuhi nzima, kwa sababu kanisa nalo lina kengele. Watu walidhani ni ushika dini, sheikh akamsifu.

Niliwaambia. Niliwaambia wazi, hapa hapa kaunta, kwamba tazameni bega lake kengele ikilia mtajua alikuwa akisema kweli. Wakacheka. Walisema jirani humtetea jirani, na Bingwa ni mjanja, anaigiza. Baba yangu ndiye pekee aliyetazama, siku moja, na hakuutumia tena ule msemo mpaka anafariki. Nilimheshimu kwa hilo.

Mwaka juzi nilianza kupeleka vitenge gulio la Murusagamba kwa gari langu dogo la mizigo. Barabara ni ile ile, imebadilisha mashimo tu. Nikiwa nimetandika nguo zangu alikuja mzee mrefu mwenye fimbo, akageuza kichwa ili sikio la kulia linielekee, akauliza natoka wapi. Nikasema Nyakahura.

"Yule Mchinjaji bado yupo?"

"Yupo, mzee."

"Mwambie aje. Mwambie Mchana Mbao anasema tumezeeka."

Nilifikisha ujumbe. Mchinjaji alisema ana kazi. Wiki iliyofuata akasema ana goti. Iliyofuata, Bisibo kulikuwa na ng'ombe wa kutazama. Halafu asubuhi moja ya gulio nikamkuta amesimama kando ya gari langu, amevaa kanzu ya Ijumaa na haikuwa Ijumaa.

"Anataka nini?" aliniuliza tulipoacha lami. "Kunitukana?"

"Akikutukana utafanya nini?"

"Nitamwambia sikuisikia." Akapangusa vumbi la njia kwenye kanzu. "Dada, watu wote wakinicheka sawa. Wao hawakupigwa. Huyu ndiye ninayemtaka aamini. Akiamini huyu, hao wengine waseme mpaka wachoke."

Tulimkuta ameketi uani, mgongo kwenye ukuta, nyuma yake mbao kuukuu zimepangwa. Aliinuka kwa shida. Walitazamana, yale mapande mawili ya watu, moja limekonda na lingine limevimba miguu.

"Mwaramutse," alisema Mchana Mbao, akituamkia kwa Kihangaza. "Kalibuni. Njia imewatesa?"

"Haikututesa, imetutikisa tu," alisema Mchinjaji.

Tuliletewa mutobe, maji ya ndizi mbivu kabla hayajawa pombe. Mwenye nyumba alikuwa amekumbuka kwamba mgeni wake ni Mwislamu, na niliona Mchinjaji amelitambua hilo. Walizungumza mvua. Walizungumza bei ya ng'ombe. Walitajiana waliokufa. Mwisho Mchana Mbao akaweka kikombe chini.

"Ngoja nikuambie ile ya kwenu," alisema. "Wewe ulikuwa umempa mgongo mpiga kengere. Mimi nilikuwa namtazama. Chuma chake kilikuwa kimelala mapajani, na yeye kaacha mdomo wazi anaangalia ngumi kama wenzake. Kwetu hapa shule ilikuwa na filimbi. Mlio niliusikia, ila ningejuaje mimi kama ni wa watoto? Nikasema huyu kachoka, kashusha mikono, ndiyo nafasi."

Mchinjaji naye akaweka kikombe chini. "Chuma kilikuwa mapajani?"

"Mapajani. Mungu wangu anajua."

"Basi ulinipiga kihalali."

"Nilikupiga kihalali."

"Nimeapa uongo juu yako miaka yote," alisema Mchinjaji taratibu. "Nimesema uliisikia ukanivizia. Unisamehe." Akainua kidole cha shahada. "Na mimi ya hapa kwenu sikuisikia. Wallahi sikuisikia."

Mchana Mbao akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la adabu, la mwenye nyumba kwa mgeni wake. "Ehe," alisema. "Yamepita, bwana. Tulikuwa vijana. Kunywa."

Niliona lile neno linavyomwingia. Nadhani tusi lingekuwa jepesi zaidi kwake. Alikuwa amesafiri njia ile yote, na kanzu ile, aaminiwe, na alichopewa ni kusamehewa jambo ambalo hakulifanya. Alichukua kikombe kwa mkono wa kulia, kama alivyoambiwa. Nilitaka kusema mimi, nikajizuia, maana Nyakahura nilisema na haikusaidia.

Murusagamba siku hizi shule haina filimbi. Ina ringi, kama sisi, nyuma ya migomba ya ua ule, na Mchinjaji hakujua ratiba yake.

Ilipolia, kikombe kiliruka. Mutobe ulimwagika kwenye kanzu kuanzia kifuani mpaka magotini, na kikombe kikaenda kugonga mbao. Mchana Mbao alimtazama kwa hofu. Sikio moja limekufa na la pili limezeeka. Hakuwa amesikia kitu.

"Umeumwa na nini?"

Kengele ikalia tena, mkono ukatoka. Ikalia tena. Mchinjaji aliudaka mkono wa kulia kwa wa kushoto akaukandamiza kifuani, kwenye kanzu iliyolowa, na bega likaendelea kuruka. Alikuwa amefumba macho kwa aibu.

"Ni kengele ya shule, mzee," nilimwambia Mchana Mbao kwenye sikio lake zima. "Imelia."

Alinitazama mimi. Akalitazama bega. Akangoja, na kila lilipolia pigo ambalo yeye hakulisikia, aliliona.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu kabla ya kuja kwenu," alisema Mchinjaji bila kufumbua macho. "Nilikuwa naipigia gunia ikilia, nisije nikasimama tena. Gunia nimelitupa zamani. Mkono haujui."

Mchana Mbao aliinuka, safari hii bila fimbo, akaja kuketi kwenye benchi la Mchinjaji. Aliuchukua ule mkono kutoka kifuani, akaushika kwa mikono yake miwili mikubwa ya msumeno, na akaushikilia mpaka ukatulia.

"Basi wewe hukuisikia," alisema. "Uliosikia ni mkono."

Maneno hayo nimeyasikia mjini kwetu tangu nikiwa binti, na sikuwahi kuyasikia yakisemwa bila jicho kukonyezwa. Mchinjaji alilia, na mimi nikalia, sioni haya kusema. Mchana Mbao hakuuachia mkono. Mutobe mwingine ukaletwa, Mchinjaji akaunywa kwa mkono wa kushoto na hakujali desturi, wakaanza kubishana kuhusu lile dume la ng'ombe, nani alikuwa amelinenepesha. Tulisahau saa. Ndipo Mchana Mbao alipokatiza maneno yake mwenyewe katikati, akautazama mkono ulioruka ndani ya mikono yake, akatutangazia sisi wenye masikio.

"Imelia," alisema. "Watoto wanarudi darasani."